Sherehe ya Mtoto na Ipimwe kwa Kimo cha Mtoto

Nyumba yenye watoto wadogo haikosi siku zake za furaha. Leo mtoto amezaliwa, kesho apewa jina, na mwaka ukipita twasema ametimiza mwaka mmoja. Mara Idi imefika, mara Krismasi imekaribia, mara shangazi anaolewa. Siku kama hizo ni njema, na mtu asiyezipenda ni nadra kuonekana. Lakini yafaa tujiulize: katika siku hizo, yule mdogo ambaye kwa ajili yake tumekusanyika, yeye hupata nini?

Somo letu la leo lahusu jambo moja tu. Sherehe yenye mtoto mdogo ndani yake na ipimwe kwa kimo cha mtoto huyo, wala si kwa kimo cha wageni. Tusemapo "kimo" hatusemi urefu wa mwili peke yake. Twasema pia juu ya macho yake na vitu viyaonavyo, tumbo lake na kiasi liwezacho kupokea, usingizi wake, na mahitaji yake ya kesho na kesho kutwa, sherehe itakapokuwa imekwisha.

Mimi mwandishi sikulijua jambo hili kwa kusoma. Nalifunzwa nyumbani mwangu mwenyewe, na mafunzo hayo nitayaeleza hapa chini ingawa hayanipi sifa.

MAMBO TULIYOYARITHI

Wazee wetu hawakuwa wageni katika kumfurahia mtoto. Kwa Wakikuyu, mtoto alipozaliwa wanawake walipiga vigelegele, vitano kwa mtoto wa kiume na vitatu kwa mtoto wa kike, na waliokuwa mbali wakajua habari bila ya kuuliza. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili kwa jina la nyanya mzaa mama. Hivyo mtoto mchanga aingia duniani akiwa amekwisha kushikwa mkono na wazee wake.

Makabila mengine hutazama saa na hali ya siku aliyozaliwa mtoto. Mvua moja ikinyesha nchi nzima, Mjaluo aliyezaliwa katika mvua hiyo aweza kuitwa Okoth, au Akoth akiwa msichana. Kwa Wakalenjin ataitwa Kiprop au Cherop, na kwa Wakamba ataitwa Wambua au Mbula. Mvua ni ile ile. Majina ni mengi, na furaha ni moja.

Katika miji ya pwani, kama Mombasa na Lamu, Waislamu hufanya akika siku ya saba. Mtoto hunyolewa nywele, jina lake hutajwa, na mbuzi huchinjwa. Mama naye hukaa ndani siku arobaini akitunzwa na jamaa zake.

Msomaji, ukizitazama desturi hizo kwa makini utaona kwamba zinafanana katika jambo moja. Mtoto na mama yake ndio waliopewa nafasi ya kwanza. Mama aliachiwa apumzike apate nguvu, na mtoto mchanga hakupitishwa katika mikono ya kila apitaye njiani. Leo waganga watuambia kwamba mtoto wa majuma ya kwanza hana nguvu za kutosha za kushindana na magonjwa, na kikohozi kidogo cha mgeni chaweza kuwa ugonjwa mkubwa kwake. Ndiyo kusema desturi ya siku arobaini haikuwa bure.

Kuna jambo moja ambalo wazee hawakuwa na haja nalo, nasi tunalo. Jina lililotajwa kwa vigelegele halina budi kuandikwa. Katiba ya Kenya ya 2010 yasema kwamba kila mtoto ana haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Kizazi kiandikishwe kabla ya miezi 6 kupita. Baada ya hapo huhesabiwa kuwa kimechelewa, na mzazi hutakiwa ushahidi zaidi. Mtoto akizaliwa hospitalini, habari zake huchukuliwa pale pale. Akizaliwa nyumbani, naibu wa chifu ndiye wa kuendewa. Wazazi wengi huchinja mbuzi siku ya jina wakasahau cheti, kisha hukikumbuka siku mtoto atakiwapo kuingia shule. Basi kabla ya kuwaalika wageni, andikisha jina. Hiyo ndiyo zawadi ya kwanza.

Ama sherehe ya kukumbuka siku ya kuzaliwa kila mwaka, hiyo si ya zamani kwetu. Wazee wengi walijua umri wao kwa mambo yaliyotokea, kama vile mwaka wa nzige au njaa ya 1943. Tarehe zilikuja pamoja na shule na vitabu vya kuandikia majina. Lakini desturi mpya si mbaya kwa sababu ni mpya. Yafaa tu tuijue namna ya kuitumia.

JAMBO LILILOTUPATA

Mwana wangu alipotimiza miaka miwili tulifanya karamu Jumamosi alasiri, hapa Nairobi. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, na wageni walipita thelathini. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka mashambani, na wajomba wa mtoto walikuwapo, na wenzangu wa kazini pia. Mke wangu alitandika kitambaa kipya cha meza alichokitarizi mwenyewe, nacho kilining'inia hata karibu na sakafu. Juu yake palikuwa na keki, sahani, na birika kubwa la chai ya maziwa iliyotoka jikoni wakati ule ule.

Sisi wakubwa tulikuwa tukizungumza. Mtoto aliisikia keki ikitajwa, lakini hakuweza kuiona, kwa sababu meza ilikuwa juu ya kichwa chake. Akashika ncha ya kitambaa kwa mikono miwili akavuta. Birika likaanguka, na chai ikammwagikia mkono na sehemu ya kifua.

Sitaeleza kilio chake. Nitaeleza kilio chetu sisi wakubwa, maana kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mama yangu alikimbilia samli. Mjomba mmoja akaita, "Leteni dawa ya meno!" Mwingine akasema unga wa ngano ndio bora. Mimi nilisimama kama mti. Bahati yetu ni kwamba jirani yetu mmoja ni mwuguzi. Alimvua mtoto shati, akambeba hata kwenye bomba la uani, akafungua maji yakamwagika polepole juu ya mkono na kifua.

"Shemeji," akaniambia, "tazama saa yako. Dakika ishirini, usipunguze hata moja."

Mama yangu akasema kwa hofu, "Mwanangu, maji hayo yatamtia baridi ya mwili mzima."

Yule mwuguzi akajibu kwa heshima, "Ni kweli, Mama, baridi ni mbaya kwake. Tafadhali tumfunike miguu na mgongo kwa leso. Palipoungua tu ndipo pakae majini."

Mama akavua leso yake ya bega akamfunika mjukuu. Baadaye tulimfunika jeraha kwa kitambaa safi tukampeleka hospitali. Twashukuru kwamba alipona, na leo alama iliyobaki karibu na kisugudi chake si kubwa kuliko sarafu ya shilingi kumi. Lakini kila nionapo alama hiyo hukumbuka kwamba siku ile watu zaidi ya thelathini walikuwamo nyumbani mwangu kwa ajili ya mtoto mmoja, na hapana hata mmoja aliyekuwa akimtazama.

PIGA MAGOTI

Usiku ule, wageni walipokwisha kwenda, nilipiga magoti kando ya meza macho yangu yakawa sawa na macho ya mwanangu. Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuiona keki wala birika. Niliona ncha ya kitambaa tu, nayo ilikuwa kama kamba inayosema, "Nivute." Niligeuka nikaona jiko la makaa karibu na mlango. Chini ya kabati niliona chupa ya soda, na ndani yake mafuta ya taa.

Tangu siku ile, kabla ya sherehe yo yote, mimi na mke wangu hupiga magoti tukazunguka nyumba nzima kwa kimo cha mtoto. Kazi hiyo haipiti robo saa. Nawasihi wasomaji wafanye vivyo hivyo, na mambo ya kutazamwa ni haya:

1. Vitu vya moto. Ondoa kitambaa cha meza, au kikunje kisining'inie. Birika na sufuria zikae katikati ya meza au juu ya kabati. Chai iliyokwisha kumiminwa yaweza kumwunguza mtoto hata baada ya robo saa, kwa maana ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu. Mtu asinywe chai ya moto huku amempakata mtoto.

2. Jiko. Likiwa chini, liwekewe kizuizi, na watoto wasipite hapo.

3. Mafuta ya taa. Yasitiwe kamwe katika chupa ya soda wala chupa ya maji, kwa kuwa siku ya karamu watoto hutazamia kila chupa iwe na kitu kitamu. Yakae katika chombo chake chenye kifuniko, mahali pa juu.

4. Maji. Mtoto mdogo aweza kuzama katika maji ya kina cha sentimeta 5 tu. Beseni la kuoshea vyombo na ndoo ziachwe tupu au zifunikwe.

5. Vitu vya kukaba koo. Njugu nzima, peremende ngumu na vipande vikubwa vya nyama si chakula cha mtoto mdogo, na njugu nzima asipewe kabla ya miaka mitano. Baluni iliyopasuka iokotwe mara moja, maana kipande chake kikiingia kooni huziba pumzi kabisa.

MSAADA WA KWANZA

Kwa mtoto aliyeungua: mwondoe penye moto, mvue nguo na vikuku visivyoganda katika ngozi, kisha mwagia jeraha maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Hata kama muda umepita, kazi hiyo yafaa ifanywe katika saa tatu za kwanza. Barafu isitumiwe. Samli, dawa ya meno, unga na mayai visipakwe, kwa sababu hufungia joto ndani na kuleta uchafu katika jeraha. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, aende hospitali bila kukawia.

Kwa aliyekunywa mafuta ya taa: usimtapishe, wala usimpe maziwa. Mafuta hayo hudhuru zaidi yakiingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Mpeleke hospitali upesi.

Kwa aliyekabwa: akiweza kukohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa na kulia, mwinamishe umpige mara tano kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kitu kisipotoka, mtoto aliyepita mwaka mmoja ukae nyuma yake, uzungushe mikono, ukunje ngumi juu ya kitovu chake chini ya mbavu, uibonyeze ndani na juu mara tano. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asibonyezwe tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze na kumbonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia hivyo kwa zamu huku msaada ukiitwa. Usitie kidole kooni bila ya kukiona kitu chenyewe, usije ukakisukuma zaidi.

NANI ANAMTAZAMA?

Watu wakiwa wengi, kila mmoja hudhani mwingine anamtazama mtoto. Mama adhani yuko na baba, baba adhani yuko na nyanya, na nyanya adhani yuko na wasichana wakubwa. Hivyo mtoto wa watu wote huwa si wa mtu ye yote.

Nyumbani kwetu twatumia leso moja nyekundu. Mwenye kuivaa ndiye mlinzi wa watoto kwa saa moja; hatumwi jikoni, hapokei wageni, wala haendi kupiga picha. Saa ikiisha huivua akamkabidhi mwingine kwa maneno: "Sasa watoto wako mikononi mwako." Yule hujibu, "Nimewapokea." Mwanzoni wageni walicheka. Sasa wajomba wenyewe huuliza, "Leso iko kwa nani?" Na wanaume wasidhani ya kuwa leso yawapunguzia heshima. Mimi huivaa.

TUMBO LA MTOTO

Mtoto wa chini ya miezi 6 karamu yake ni maziwa ya mama peke yake. Hahitaji uji, wala soda ya kuonja, wala maji. Asali pia asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Baada ya miezi 6 huanza kula vyakula laini pamoja na kunyonya. Wa miezi 6 hata 8 hutosheka na vijiko viwili vitatu mwanzoni, vikiongezwa polepole hata nusu kikombe. Wa mwaka mmoja hata miwili hula robo tatu ya kikombe, au kikombe kizima, mara tatu au nne kwa siku. Basi sahani iliyojaa pilau hata ikafanya kilima haikutengenezwa kwa tumbo lake. Imetengenezwa kwa macho ya wageni.

Mpe sahani yake mwenyewe, umlishe kabla ya wageni kuketi. Akila chakula chake cha kila siku kwanza, kile kitamu cha baadaye hakitamdhuru. Na mwenye kumlisha anawe mikono kwa sabuni.

Neno moja juu ya wali na pilau iliyobaki. Akina mama wengi huamini kwamba chakula kikipashwa moto kimekwisha kuwa salama. Sivyo kila mara. Katika mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zao hazifi katika kupikwa. Wali ukiachwa katika sufuria saa nyingi kwenye joto, mbegu hizo huamka, vijidudu huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa moto tena. Kwa hiyo chakula kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Mwenye jokofu akiweke humo upesi. Asiyekuwa nalo apike kiasi kitakacholiwa, na majirani wagawiwe siku ile ile. Kugawa ni heshima, na pia ni afya.

Mtoto akiharisha baada ya karamu, asinyimwe chakula wala kunyonya. Apewe maji ya chumvichumvi na sukari ya pakiti, yapatikanayo katika zahanati, pakiti moja katika lita moja ya maji safi ikiwa ndivyo ilivyoandikwa juu yake. Pakiti ikikosekana, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kupimwa sawasawa kwa ukingo wa kijiko, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kituo cha afya pia humpa vidonge vya zinki vya siku 10 hata 14. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiwa mlegevu au akipata degedege, usingoje asubuhi.

USINGIZI WAKE

Mtoto wa mwaka mmoja au miwili ahitaji usingizi wa saa 11 hata 14 katika mchana na usiku, na wa miaka mitatu au minne saa 10 hata 13. Sisi humwamsha apigwe picha, kisha akilia twasema, "Mtoto huyu hana adabu." Hana kosa, amechoka. Fanya sherehe baada ya usingizi wake wa mchana, na iishe kabla ya saa yake ya kulala. Saa mbili zatosha kwa mtoto mdogo. Wakubwa wakitaka kuendelea, na waendelee kwa sauti ndogo.

Wala asilazimishwe kukaa mapajani mwa kila mgeni. Aweza kufunzwa kuamkia, "Shikamoo, Babu," akiwa amesimama karibu na mama yake. Heshima ikifundishwa kwa upole hukaa. Ikifundishwa kwa vitisho, huishia pale pale kitisho kiishiapo.

MFUKO NA JANUARI

Krismasi ni tarehe 25 Desemba, na mara baada yake yaja Januari na mahitaji ya shule. Ingawa Serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma mwaka 2003, nguo za shule, viatu na mahitaji mengine bado yatoka mfukoni mwa mzazi. Idi nayo, kwa kuwa hufuata mwezi, huja mapema zaidi kwa siku kama 11 kila mwaka, na miaka mingine huangukia pale pale fedha zilipo chache. Mtoto wa miaka miwili hajui bei ya keki. Lakini akiwa wa miaka sita akarudishwa nyumbani kwa kukosa viatu, hilo atalijua na kulikumbuka.

Kwa hiyo wazazi waketi pamoja mwezi mmoja mbele. Kwanza watenge fedha za shule na za matibabu, kisha ndipo watenge za sherehe, nazo zisipitwe. Haba na haba hujaza kibaba: atakayeweka kidogo kila juma tangu Januari hatakopa Desemba.

Ama zawadi, za thamani kwa mtoto si zile za bei kubwa. Mpira wa matambara, gari la waya, mwanasesere wa gunzi la hindi, kopo lenye mbegu ndani lililofungwa barabara: vyote hivyo baba na mama waweza kuvitengeneza jioni moja, na mtoto mkubwa akasaidia. Angalia tu ncha za waya zikunjwe, na kopo lisiwe na makali.

KARAMU YA KWELI

Mtoto akumbuka nini katika sherehe? Akumbuka jambo linalorudi kila mwaka. Nyumbani mwetu, jioni ya siku hiyo, nyanya huketi mkekani akaita, "Paukwa!" na watoto hujibu, "Pakawa!" Hapo huwaeleza habari za siku kila mmoja alipozaliwa: ilikuwa mvua au jua, nani alikimbilia mkunga, nani alipewa jina la nani, na kwa nini. Kisha kila mtoto humpelekea jirani sahani ya chakula kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Mama ametuma," akarudi na ahsante.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika mambo hayo mawili madogo mtoto hujifunza kwamba ana mahali pake katika ukoo, na kwamba furaha ni kitu cha kugawana. Hakuna keki inayoweza kumfunza hayo.

Mwana wangu sasa ana miaka mitano. Siku yake ya mwisho ya kuzaliwa tulikuwa watu kumi tu, na tuliketi chini mkekani, wakubwa kwa wadogo. Birika lilikuwa juu ya kabati. Katikati ya chakula alinitazama machoni, akacheka, akasema, "Baba, leo nakuona." Nami niliona kwamba tumeanza kujifunza.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA NYUMBANI AU KATIKA VIKUNDI

1. Piga magoti chumbani mwako leo. Ni vitu gani vitatu ambavyo mtoto aweza kuvivuta, kuvinywa au kuvimeza?

2. Katika sherehe yenu iliyopita, nani alikuwa mlinzi wa watoto? Je, yeye mwenyewe alijua?

3. Mtoto akimwagikiwa na chai ya moto, maji yatamwagwa kwa dakika ngapi? Ni vitu gani visipakwe?

4. Je, watoto wote wa nyumba yako wameandikishwa? Yupi bado?

5. Waulize wazee wenu: mtoto alipozaliwa zamani, ni jambo gani lililofanywa kwa faida yake, ambalo sisi tumeliacha?